Kwa nini walenga shabaha hujaza risasi wenyewe

Mwezi Mei mwaka 2021 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha rasimu ya sheria iliyopendekeza raia wapigwe marufuku kujaza risasi wenyewe, hatua iliyowagusa walenga shabaha, wakiwemo wa Durban.

Mlenga shabaha huliokota ganda lililokwisha tumika, akalitia fataki mpya na baruti aliyoipima kwa mizani, kisha akapachika kichwa cha risasi.

Siri yake ni ulinganifu. Baruti ikizidi au ikipungua kidogo tu, kasi ya risasi hubadilika, na katika umbali wa mita 900 risasi hupita juu ya shabaha au chini yake.

Kazi hiyo yahitaji hadhari, kwani baruti ikipita kiasi bunduki yaweza kupasuka.

Sheria ya mwaka 2000 humruhusu kujaza risasi mwenye leseni ya bunduki inayozitumia.

Serikali ilisema inataka kupunguza silaha mikononi mwa raia. Hata hivyo, katika ghasia za Julai 2021, shehena ya zaidi ya risasi milioni 1 iliibwa Durban. Hizo zilitengenezwa kiwandani, si mezani kwa mwanamichezo.