Kabange wote hawatoki nyumba moja: jina, lugha na vinasaba

Mtu akitaka kujua ukoo wake umetoka wapi, siku hizi anaonyeshwa njia mbili. Ya kwanza ni nasaba: kuuliza wazee, kufungua madaftari ya ubatizo kwa mapadri na karatasi za serikali, kupanga mababu kizazi kwa kizazi. Ya pili ni kupima vinasaba, yaani DNA: unatia mate ndani ya kichupa, unakituma ng'ambo, unangoja jibu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kwetu Kongo njia hizo mbili hazifiki mbali bila ya tatu, ndiyo lugha. Mfano wangu ni jina ninalolibeba mwenyewe: Kabange.

Jina na kromosomu katika njia moja

Kuchunguza ukoo kwa kuunganisha jina na DNA kulianzia mahali ambapo jina hurithiwa kwa baba. Uingereza, kufikia mwaka 1400 hivi, familia nyingi zilikuwa na jina ambalo baba humwachia mwana. Kromosomu Y nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, karibu bila kubadilika. Kwa hiyo jina na kromosomu hiyo husafiri pamoja. Mwaka 2000 Bryan Sykes na Catherine Irven wa Oxford walitoa matokeo ya kuwapima wanaume wanaoitwa Sykes. Karibu nusu yao walikuwa na aina moja ya kromosomu Y, na watafiti hao wakaona kwamba pengine jina zima lilianza na mtu mmoja. Kwa wale wengine njia ilikatika mahali fulani: mtoto wa kulelewa, mtoto wa nje ya ndoa, au mtu aliyechukua jina la upande wa mama.

Pale ambapo jina halikupitia kwa baba, hesabu hiyo inaanguka. Mwaka 2013 watafiti walieleza kromosomu Y ya Mmarekani mmoja mweusi wa ukoo wa South Carolina, mwenye jina la Kiingereza. Haikuingia katika tawi lolote lililojulikana wakati huo. Waliofanana naye walipatikana magharibi mwa Kamerun, kati ya wanaume wa kabila la Mbo. Jina lilisema Uingereza, damu ikasema Kamerun. Hakuna aliyedanganya: utumwa ulikuwa umetenganisha jina na damu.

Jina linalozaliwa kila siku

Kwetu hakukuhitajika utumwa ili jina na damu vishike njia mbili. Kwa Waluba wa Katanga, mapasa wanapozaliwa, wa kwanza anaitwa Kyungu na wa pili Kabange, awe mvulana au msichana. Kwa Waluba wa Kasai utasikia Mbuyi na Kabanga. Jina hilo si mali ya ukoo wowote. Ni habari ya uzazi. Mapasa wakizaliwa leo Kamina, kesho Malemba-Nkulu, kesho kutwa hapa Lubumbashi, tayari tuna Kabange watatu wasio na babu mmoja. Ukikusanya Kabange mia moja na kuwapima kama Sykes alivyofanya, utapata kromosomu Y nyingi tofauti, na hata mama mmoja hatakuwa na la kujitetea.

Kinyume chake pia ni kweli. Katika nyumba nyingi, ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja wanabeba majina manne: mmoja la kambo wa upande wa baba, mwingine la kambo wa upande wa mama, wa tatu la rafiki ya baba, wa nne la tukio la siku alipozaliwa. Mtafiti anayefuata jina peke yake atawatenga ndugu hao na kuwaunganisha wageni.

Tena jina linaweza kudanganya sikio. Chukua Mujinga. Mtaani, anayejua Kiswahili tu atacheka, maana anasikia mpumbavu. Lakini kwa Waluba Mujinga ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Kitenzi chake ni ndugu wa kuzinga ya Kiswahili chetu, yaani kuzungusha, kuviringisha. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya jina si «maana yake nini?» bali «ni la lugha gani?»

Karatasi ndizo zilizoyagandisha majina haya. Wamisioni, makampuni ya migodi na serikali walitaka kila mtu awe na jina moja lisilobadilika. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yaliwekwa kando kwa siasa ya uhalisia ya Mobutu, na Sheria ya Familia ya 1987 ikadai majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi. Hivyo jina la pacha mmoja likawa jina la mwanawe, kisha la mjukuu ambaye hakuzaliwa pacha. Mimi ni mmoja wao.

Kyungu alienda wapi?

Hata hivyo jina la tukio lina faida ambayo Sykes hana. Kila Kabange wa asili anamtaja mtu wa pili bila kumtamka: hakuna Kabange bila Kyungu. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akimtaja Kyungu. Baba mdogo alikuwa ameanza kuweka dola kando ili apimwe kromosomu Y. Mimi nilienda kwanza kwa dada mdogo wa kambo, ambaye bado yu hai, nikamwuliza Kyungu alienda wapi. Alijibu mara moja, kama mtu aliyengoja kuulizwa: Kyungu alikuwa msichana, aliolewa Manono, akazaa huko. Watoto wake wanabeba majina ya upande wa baba yao.

Angalia sasa kila kipimo kingeona nini. Kromosomu Y ya baba mdogo isingefika kamwe katika nyumba ya Kyungu, kwa sababu mwanamke hana Y ya kumrithisha mtoto. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama: Kyungu aliwapa watoto wake, lakini kambo, akiwa mwanaume, hakutupa. Inabaki ile DNA ya jumla, tunayopata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wajukuu wa Kyungu na mimi tungeshiriki wastani wa asilimia 3 hivi. Kipimo kinaweza kuona undugu huo, ila lazima mtu wa pande zote mbili apimwe. Na ili umwombe, lazima kwanza ujue kwamba yupo. Hilo nimelijua kwa Kiluba.

Kipimo kichaguliwe pia kufuata desturi. Kwa Wabemba na Walamba ukoo hufuata mama. Hapo mitokondria ndiyo inayotembea na ukoo, si Y.

Kile ambacho damu haiwezi kusema

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo ni nzito zaidi. Mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili, wengi wakiwa wamezaliwa hapa. Siku hizo, jina linaloanza na Tshi- lilitosha kumfanya jirani aonekane mgeni. Sisi wanafunzi wa lugha tunajua Tshi- hiyo ni nini: ni kiambishi kilekile ki- cha ngeli ya saba, ambacho sauti yake iligeuka. Kiluba na Tshiluba vinajitaja vyenyewe kwa kiambishi hicho kimoja. Kromosomu haina Tshi- wala Ki-.

Asiwepo basi wa kuleta jibu la maabara kama cheti cha uenyeji. Asilimia anazopewa mtu zinatokana na kumlinganisha na watu wachache waliopimwa kabla yake. Na wasemaji wa Kibantu walianza kuenea kutoka mpaka wa Nijeria na Kamerun miaka 4000 hadi 5000 iliyopita. Muluba akiona «Kamerun» katika jibu lake, asitafute babu aliyetoka Douala.

Ndugu msomaji, kabla ya kununua kichupa, andika mambo manne kuhusu kila jina la ukoo wako: ni la lugha gani, lilitolewa kwa sababu gani, lilitoka kwa nani, na nani alilibeba baadaye. Waombe ruhusa ndugu zako, kwa sababu mate yako yanasema habari zao pia. Kichupa kitauzwa hata mwaka ujao. Wazee wanaojua Kyungu aliolewa wapi hawatatungoja.