Mbwa aliyezoea mawe: namna ya kumfundisha kukuamini



Tangu nilipochukua mbwa jike aliyeachwa kwenye parsele moja huko Mangobo, watu wananiuliza: «Ulifanyaje mpaka akakubali kuguswa?» Jibu ni fupi: nilimwachia nafasi ya kuamua. Lakini acha nieleze vizuri.

Mtoto wa mbwa anajifunza nani wa kuamini hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake. Kama wakati ule aliona fimbo na mawe tu, mkono wa mtu unabaki kuwa hatari kwake. Ndiyo maana ukiinama kuokota kalamu, anakimbia. Kwake, kuinama ni kuokota jiwe. Si kiburi wala si uchawi, ni somo alilolishika.

Afya kwanza. Kichaa cha mbwa, kile tunachoita raji, kinaua karibu watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote wanakipata kwa mbwa. Dalili zikishaonekana, ni kama hakuna anayepona. Kwa hiyo mwite veterineri aje kumchanja, hata kama mbwa bado hashikiki. Akikuuma ao akikukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku ileile. Usingoje kuona.

Sasa, kazi yenyewe:

1. Mpe kona yake, pakavu, kwa sababu mvua na radi za kwetu munazijua. Watoto wasimfuate pale.

2. Kaa mbali naye, mita 3 hivi, umpe ubavu, usimkazie macho. Mtupie kipande cha samaki, kisha endelea kusoma silabasi yako. Kila siku sogea kidogo. Akirudi nyuma, na wewe rudi.

3. Soma mwili wake. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo, kugeuza kichwa, mkia katikati ya miguu: yote hayo ni kusema «niache kidogo». Akinguruma, usimpige. Ukimpiga, unamfundisha kuuma bila kuonya.

4. Siku atakapokuja mwenyewe, mguse kifuani, si juu ya kichwa. Hesabu sekunde 3, acha. Akisogea tena, anataka. Akigeuka, imetosha.

Wangu alimaliza karibu miezi miwili mbele ya kula mkononi mwangu. Jirani mmoja alicheka: «Mbwa ya barabarani, unaifanyia masomo?» Leo anamwomba alinde na upande wake.

Kuna jambo moja wengi wetu hatulifikirii. Sisi vijana tunaishi kwa kupanga: leo Makiso, kesho umepata kazi Bunia ao Kinshasa. Mbwa aliyeachwa mara mbili anakuwa mgumu zaidi kuamini mtu wa tatu. Kwa hiyo mbele ya kumchukua, ongea na mwenye nyumba, piga hesabu ya chakula na chanjo ya kila mwaka, na umjue kwa jina mtu atakayebaki naye ukisafiri. Kama jina hilo bado huna, ngoja kwanza. Unaweza kumsaidia wa mtaani bila kumchukua: bakuli la maji, na kumwambia mtoto aliyeshika jiwe aliweke chini.