Kalehe: Picha ni nyingi kuliko zamani, lakini zinapotea haraka

Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yalibomoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, kwenye mwambao wa ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Kwa jamaa anayemtafuta mtu wake, picha ni jambo la kwanza kuombwa. Lakini nyumba ikibebwa na maji, albamu inakwenda nayo.

Wakati wa filimu, kupiga picha kulikuwa na gharama. Rolo moja ilitoa picha 24 ao 36. Mpiga picha alingoja iishe, kisha ikasafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza. Familia ilipokea karatasi, naye mpiga picha alibaki na negatifu. Hivyo sura moja ilikuwa imehifadhiwa katika nyumba mbili. Karatasi ikiharibika, negatifu iliweza kutoa ingine.

Mwaka 1975, Steven Sasson, injinia wa kampuni Kodak huko Marekani, alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka. Picha yake ilikuwa na nukta 10 000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kodak iliendelea kutegemea filimu, na mwezi wa kwanza 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni.

Kalehe nayo imo katika mabadiliko hayo. Machimbo ya Nyabibwe na Numbi yanatoa kasiterite, inayozaa bati la kuunganisha vipande vya simu. Numbi inatoa pia koltani, ambamo hutoka tantali ya kutunza umeme ndani ya simu hizo.

Leo mwenye simu anapiga picha mia moja kwenye arusi bila kununua filimu. Lakini zote zinalala ndani ya chombo kimoja. Kikiibiwa, kikivunjika ao kikianguka ziwani, hakuna negatifu kwa jirani.

Kinga si ngumu: kutuma picha za maana kwa ndugu wa Bukavu ao Goma, kuziweka kwenye kadi ya memori inayofichwa pengine, na kuchapisha chache kwenye karatasi, majina na tarehe vikiandikwa nyuma. Picha iliyo mahali pawili haiishi kwa mvua moja.