Riwaya si porojo: funzo kutoka Ayalandi
Wapo wanaodai kwamba riwaya ni porojo tu, ukweli umo kwenye ripoti. Hebu tuitazame Ayalandi. Ripoti ya serikali ya 2013 ilionyesha kwamba tangu 1922, wanawake na wasichana wapatao 10,000 walipitia nyumba za kufulia nguo zilizoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, wakifanya kazi bila malipo. Takwimu hizo zinashtua. Lakini kwani majirani walinyamazaje? Hapo ndipo Claire Keegan anapotufaa katika riwaya yake fupi, *Small Things Like These* (2021). Muuzaji wa makaa ya mawe anamkuta msichana amefungiwa ghalani, kisha anaonywa afyate ulimi asije akaharibu biashara yake. Basi ndugu msomaji, zisome zote mbili: ripoti ujue yaliyotendeka, riwaya uone jinsi woga ulivyoyaficha.