Vidole Navyo Vina Bei?

Rasta ndogo za kichwa kizima humchukua msusi saa tano, pengine sita. Tuseme kijijini Munje analipwa shilingi 500 za mkono, mteja akija na nywele zake. Haizidi 100 kwa saa, na hapo hajalipa kodi ya chumba, tokeni za stima wala leseni ya biashara ya Kaunti ya Kwale. Akiwasha redio wateja wasisinzie, sheria ya hakimiliki inamtaka leseni nyingine, kwa kuwa muziki sasa unapigwa hadharani. Hadhara yenyewe ni benchi moja na pazia.

Wengi hulaumu ushuru. Mswada wa Fedha wa 2023 ulitaka asilimia 5 kwa wigi, kope na hata ndevu za bandia, kabla wabunge hawajauondoa. (Soko la ndevu za bandia Munje bado halijaamka.) Ungepita, hesabu yetu isingebadilika sana. Kinachomuumiza msusi ni zile saa, ambazo hakuna anayezihesabu. Wanawake wa hapa wamesukana barazani tangu utotoni, leo wewe kesho mimi, bila senti. Aliyebandika bei ukutani anauza kile ambacho shangazi wa mteja hukitoa bure. “Mwanangu, vidole navyo vina bei?” Na anayeuliza ni mama mkubwa, huwezi kumjibu.

Pesa ya kijiji hutoka baharini. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vingi hukaa pwani, na mama karanga hukosa samaki wa kukaanga. Nywele ndizo za kwanza kungoja, maana mtandio husitiri twende kilioni iliyofumuka sawasawa na iliyosukwa jana. Mtandio huohuo humnyima msusi tangazo. Mwenzake wa Nairobi kazi yake hutembea barabarani. Ya huku hutoka mlangoni imefunikwa, ionekane arusini, upande wa wanawake. Kisha zinakuja siku za mwisho za Ramadhani, mji mzima unataka kusukwa kwa pamoja, anakesha, na nusu ya wateja wanaahidi kulipa baada ya Idi.

Wapo wanaokimbilia Diani kuwasuka watalii ufuoni. Bei ni nzuri, ila ni ya msimu nayo, na Machi 2020 ndege za nje ziliposimamishwa haikuwepo kabisa mpaka Agosti.

Na katika saa zote hizo za kusuka mgongo unauma, viganja vinakufa ganzi, na harufu ya dawa ya nywele haina pa kutokea. Bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni 3,600. Kwa bei yetu ya Munje hivyo ni vichwa vinane, vyote viwe vya waliolipa taslimu.