Injini Ndogo na Uchafu Wake

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika usafi. Ukumbi hufagiwa asubuhi, kanzu ya Ijumaa hupigwa pasi tangu Alhamisi, na mwenye miguu ya vumbi hakanyagi mkeka wa msikiti. Kwa hivyo msomaji huenda akastaajabu kusikia ya kwamba wako watu wazima wenye akili timamu, hasa kule Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambao hununua injini ndogo ya treni, mpya na inayong'aa, kisha wakakaa kitako usiku wakiipaka uchafu. Mimi sasa ni mmoja wao.

Injini yangu ililetwa na mpwa wangu aishiye Uingereza. Ni mfano wa injini ya dizeli ya huko iitwayo Class 37, uliopunguzwa mara 148. Injini yenyewe ina urefu wa karibu mita 19. Huu mfano haufiki sentimita 13, nao hutembea juu ya reli yenye upana wa milimita 9. Huulaza kiganjani ukafunga vidole. (Gari halina roho, kwa hivyo suala la sanamu halikunisumbua. Kuna vijitu vya plastiki vinavyouzwa ili visimame stesheni kama abiria. Hivyo niliviacha dukani.)

Nikapata wazo la kuigeuza iwe ya kwetu. Wazo hilo halikuwa la ovyo. Class 37 zilikuwa 309, zikatengenezwa kati ya 1960 na 1965 na kampuni ya English Electric, nyingi katika kiwanda cha Vulcan Foundry huko Lancashire. Kiwanda hichohicho, kuanzia mwaka 1960, ndicho kilicholetea East African Railways injini zake za dizeli za daraja la 90, zile ambazo baadaye ziliitwa daraja la 87. Nikajisemea, hawa ni ndugu wa tumbo moja. Nikimvua huyu koti lake la Kizungu nikamvika rangi ya damu ya mzee, kama ile iliyo juu ya injini za mvuke katika makumbusho ya reli Nairobi, nani atajua?

Kazi ya rangi haina siri ila subira. Kwanza hufunguliwa bodi ikatengwa na mota, na vioo vya madirisha vikatolewa. Rangi ya kiwandani huondolewa kwa spiriti ya dukani na mswaki laini, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana, maana kuna plastiki zisizoistahimili. Madirisha ya chumba yawe wazi, na moto uwe mbali. Halafu huja rangi ya kwanza, ya kijivu, nyembamba kabisa. Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Kwenye mfano mdogo namna hii, mistari ya milango na vichwa vya ribiti ni kama nywele. Rangi nzito huifukia yote, na injini ikawa kama sabuni iliyotumika. Bora kupuliza mara nne kwa kinyunyizio, kila mara ikiachwa ikauke, kuliko kupaka mara moja kwa brashi iliyoshiba.

Rangi ikikauka hupakwa vanishi ya kung'aa, na msomaji asidhani ni urembo. Namba na maandishi huja juu ya utando mwembamba unaoloweshwa majini kisha ukatelezeshwa mahali pake. Ukiuweka juu ya rangi kavu isiyo laini, hewa hunaswa chini yake, na namba ikaonekana imezungukwa na weupe kama kovu la moto. Baadaye hupakwa vanishi isiyong'aa, na sasa uko tayari kuchafua.

Mimi nilichafua kwa pupa. Kutu nikaitia juu, chini na ubavuni, nikaona nimefanya kazi ya ajabu. Nikaibeba kwa jirani yangu, mzee aliyeanza kazi ya ufundi katika karakana za reli mwaka 1974. Tulikuwa barazani, kahawa imeshamiminwa. Akaishika, akavaa miwani, akaigeuza chini juu, akaanza kuhesabu.

"Mwanangu, umesema hii ni 87?"

"Naam, Mzee."

"87 ina magurudumu kumi na sita. Hii ina kumi na mbili. Na hii kutu imetoka wapi?"

Nikasema imetoka kwenye uzee. Akacheka mpaka kikombe kikamtikisika. "Uzee hauna mahali pa kutokea. Kutu ina mahali."

Kisha akanisomesha darsa ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha mifano. Breki za chuma zikisugua gurudumu hutoa unga wa chuma, nao ndio unaofanya kutu ya kahawia. Kwa hivyo iwe kwenye fremu za magurudumu na sehemu za chini, si paani. Paani ni masizi, na hayo huanzia penye bomba la moshi yakafifia kadiri yaendavyo mbali. Penye mdomo wa tangi pana weusi unaong'aa, maana dizeli humwagika kila siku. Maji ya mvua huteremka, hayapandi, kwa hivyo michirizi yote ielekee chini. Kioo cha dereva ni kichafu isipokuwa pale kinapopita kifutio, pakabaki upinde safi. Na ya kwetu, alisema, ilikuwa na jambo ambalo la Uingereza halina: vumbi jekundu la Voi na Tsavo, lililopanda kutoka chini kama hina.

Nilirudi nyumbani nikaivua rangi yote upya. Magurudumu manne yaliyopungua hayafunikwi na rangi, kwa hivyo nikaiacha iwe ya Uingereza: buluu, nyuso zote mbili za manjano kama walivyozipaka ili wafanyakazi wa reli waione ikija. Rangi nyeusi iliyozimuliwa sana nikaipitisha juu ya bodi, kisha nikaifuta kwa kijiti chenye pamba, daima kutoka juu kwenda chini, ikabaki kwenye mifuo tu. Unga wa rangi ya kahawia nikautia kwenye fremu, wa masizi paani. Vumbi jekundu sikulitia, ingawa mkono ulitamani. Ilinichukua majuma matatu.

Jumamosi nikaipeleka tena barazani. Mzee aliitazama muda mrefu bila kusema, hata nikadhani nimekosea namba. Mwisho akalowesha ncha ya leso kwenye gilasi ya maji, akafuta kidogo sana mahali pawili: ngazi chini ya mlango, na chuma cha kushikia kando yake.

"Hapa ndipo tulipopandia," akasema, akanirudishia.