Ganda Moja, Risasi Nyingi

Bunduki inapofyatuliwa, vitu vitatu kati ya vinne vinavyounda risasi hupotea palepale. Fataki, kile kikombe kidogo kilichopachikwa kwenye kitako, imelipuka. Baruti imeungua, na kichwa kimekwenda zake. Kinachobaki ni ganda la shaba ya manjano, ambalo hudondoka likiwa zima, na ndilo ghali kuliko sehemu nyingine zote. Hobi ya kujaza risasi upya, iliyoshamiri zaidi Marekani, imejengwa juu ya ganda hilo. Mlenga shabaha huokota maganda yake, huenda nayo nyumbani, na akiwa mezani kwake huyarudishia vile vitu vitatu vilivyopotea. Wengine huenda hatua moja mbele: hawanunui vichwa, bali huvisubu wenyewe.

Kusubu ni kazi kongwe kuliko ganda lenyewe. Enzi za bunduki zilizoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, jamaa za gobore linalojulikana vijijini Tanzania, bunduki iliuzwa pamoja na kalibu yake, kwa kuwa mitutu ya mafundi wawili haikulingana. Mwindaji aliyeyusha madini ya risasi kwenye moto wa kambi, akayamimina, akapata goroli zake. Zama hizo ndizo zilizoacha namba zinazotumika hadi leo kwenye bunduki za marisau. Namba 12 ni mtutu unaoenewa na goroli ambayo kumi na mbili zake hutimiza ratili moja ya madini hayo, na ndiyo sababu namba ikishuka mtutu hupanuka. Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa vitani Behobeho, karibu na Mto Rufiji, Januari 1917, na ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba la Tanzania, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa bunduki za namba 4. Kila goroli ilikuwa na robo ratili, yaani gramu 113 hivi. Baadaye alizijutia bunduki hizo, kwa sababu teke lake lilimharibia ulengaji.

Ganda la metali lenye fataki katikati lilitulia katika umbo linalojulikana leo mwaka 1866, kwa mikono ya maofisa wawili wa jeshi. Hiram Berdan wa Marekani alibuni fataki ambayo kijifuawe chake, yaani kituta kinachopokea pigo, kiko ndani ya ganda, penye matundu mawili madogo ya kupitishia cheche. Edward Boxer wa Uingereza alikiweka kijifuawe ndani ya fataki yenyewe na kuliachia ganda tundu moja tu, katikati. Historia ina vituko vyake: fataki ya Mmarekani ilienea Ulaya, na ya Mwingereza ikatawala Marekani. Kwa mjazaji, tofauti hiyo ndogo ndiyo kila kitu. Penye tundu moja la katikati, sindano ya chuma huisukuma fataki iliyotumika ikatoka mara moja. Penye mawili ya pembeni, kazi hugeuka adha, na wengi huyatupa maganda hayo.

Wawindaji wa nyati wa nyanda za Marekani katika miaka ya 1870 hawakuwa na duka karibu. Walibeba vipande vya madini ya risasi, makopo ya baruti na fataki, wakajaza maganda kambini jioni. Wakati huo ilikuwa ni haja, si hobi. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, iliyouza vifaa vya mkononi na vitabu vya mwongozo kwa watu wa kawaida, na mwaka 1925 ikanunuliwa na Lyman. Vita Kuu ya Pili ilipoadimisha vichwa vya risasi madukani, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza mwaka 1943 kutengeneza kifaa cha kugeuza maganda yaliyotumika ya .22 kuwa ngozi ya vichwa vipya vya kuwindia wanyama wadogo. Kutoka hapo ilizaliwa RCBS, mojawapo ya majina makubwa ya biashara hii.

Kazi yenyewe huanza na kusafisha na kukagua. Ganda lenye ufa shingoni au mstari unaong'aa karibu na kitako limekwisha umri wake. Shaba ya manjano, yenye shaba asilimia 70 na zinki 30, ilichaguliwa kwa tabia yake ya kunyumbuka: risasi ikilipuka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, likaziba gesi isimrudie mpigaji usoni, kisha hunywea kidogo likachomoka. Lakini halirejei kipimo chake cha mwanzo. Kwa hiyo hupitishwa kwenye kalibu ya chuma kigumu, kwa nguvu ya wenzo, ili lipate umbo lake tena, huku fataki kuukuu ikisukumwa nje. Kila mtanuko na mbano huifanya shaba iwe ngumu na yenye kuvunjika upesi, na ndiyo maana wajazaji makini huzipasha moto shingo za maganda kila baada ya mizunguko kadhaa ili zilainike. Baada ya hapo hufuata fataki mpya, baruti iliyopimwa, na kichwa kinachokalishwa kwa kina kimoja katika kila ganda.

Kwenye baruti ndipo penye hatari na ndipo penye ustadi. Hupimwa kwa greni, ambazo 7,000 kati yake ni ratili moja, na mizani ya mjazaji husoma sehemu ya kumi ya greni, kama miligramu sita na nusu. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu nyingi kuliko ile nyeusi ya zamani, na aina zake huungua kwa kasi tofauti sana hata zikifanana kwa macho. Kiasi kinachofaa kwa aina moja chaweza kupasua bunduki kikiwa cha aina nyingine. Hakuna kukisia hapa: vipimo hutoka katika vitabu vya watengenezaji, waliojaribu kila mchanganyiko kwa mitambo ya kupima shinikizo. Katika maganda ya bastola, ambamo baruti hujaza sehemu ndogo tu, aliyekatizwa na simu anaweza kumimina mara mbili bila kutambua. Kosa la kinyume, ganda lisilo na baruti, si salama pia. Fataki peke yake hukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukutana nacho.

Wasubuji wana elimu yao ya pili, ya madini. Madini ya risasi matupu huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi na ni laini mno. Yakienda kasi hupakaa mtutu. Huongezwa bati ili yatiririke na kujaza kalibu vizuri, na antimoni ili yawe magumu. Mchanganyiko uliopendwa kuliko yote ulitoka magazetini. Mashine ya kupanga herufi ya Ottmar Mergenthaler, iliyoanza kazi katika New York Tribune mwaka 1886, ilitumia madini ya risasi asilimia 84, antimoni 12 na bati 4. Magazeti yalipohamia upigaji chapa wa kisasa, vipande vya herufi za mashine hizo viliuzwa kama chuma chakavu, na wasubuji wakavizoa. Chanzo kingine, vizito vya kusawazishia magurudumu ya magari, sasa vingi hutengenezwa kwa zinki au chuma, na zinki ikiingia chunguni huharibu mchanganyiko wote. Maji ni adui mkubwa zaidi: tone moja likizama ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha madini hayo ya moto hadi darini.

Adui asiyeonekana ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasumisha, na kesi yao ikafika mahakamani. Msubuji mwenye akili hafanyi kazi jikoni, hali chakula mezani pake, na betri za magari haziyeyushi kabisa. Ndege nao hudhurika wanapokula mizoga yenye vipande vya risasi. Kwa ajili ya tumbusi mkubwa anayeitwa kondori, California ilikataza kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji kuanzia Julai 2019.

Wengi huingia katika hobi hii wakidhani wataokoa fedha. Kwa kila risasi moja huokoa kweli, ila huishia kupiga nyingi zaidi, na vifaa navyo havina mwisho. Faida ya hakika ni usawa: risasi zilizojazwa kwa ajili ya bunduki moja, kila moja ikiwa pacha wa mwenzake, hupiga karibu karibu kuliko nyingi za kiwandani. Washindani wa shabaha ya mezani nchini Marekani hujaza papo hapo uwanjani, kati ya duru na duru, wakirekebisha kufuatana na hali ya hewa. Kazi hii huwafaa watu watulivu na wenye kurudiarudia bila kuchoka. Mwenye papara atafute hobi nyingine.

Sheria hutofautiana. Sehemu kubwa ya Marekani haidai leseni kwa anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ujerumani humtaka apate mafunzo na kibali chini ya sheria ya milipuko, na Uingereza hudhibiti uuzaji wa fataki. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, na Kenya nayo ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Huko Tanzania, leseni ya kumiliki bunduki haimpi mwenyewe ruhusa ya kutengeneza risasi zake.